Mbwa wa nyumba moja wakigeukiana: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Wadau, nina mbwa watatu: jike wa miaka 7, bintiye wa miaka 2, na dume mzee asiye na neno na mtu. Mama na binti wamelala mkeka mmoja tangu huyu azaliwe. Mwezi huu wameumana mara tatu. Ya mwisho ilikuwa mlangoni: nimerudi kazini, wote wananirukia kwa furaha, ghafla ikawa meno. Nikaingiza mkono nimshike mdogo shingoni. Hapa naandika kwa kidole cha kushoto. Mliopitia haya mlifanyaje?

Mdau wa 2
Pole mkuu. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha hospitali leo leo.

Nilikuwa na majike wawili wa tumbo moja. Amani tupu mpaka mwaka na nusu. Mtoto wa mbwa hukubali kila kitu. Akipevuka ndipo anaanza kukataa. Nikaambiwa waache wapigane, atapatikana mkubwa. Hakupatikana, na kila ugomvi uliita mwingine. Baadaye mmoja akavimba shavu: tundu la jino lilikuwa limefunga juu, usaha umebaki ndani. Wapapase wako chini ya manyoya, macho hayatoshi.

Mdau wa 3
Kosa langu ni kumgombeza anayenguruma. Akajifunza vizuri tu: akaacha kunguruma, akawa anauma bila taarifa. Sasa nasoma mwili. Mdomo unafumba, shingo inakakamaa, jicho halibanduki, au mmoja anajiweka kizingitini mwenzake asipite. Hapo nawaita wote jikoni kwa sauti ya kawaida. Ukipaza sauti unawawashia moto.

Mdau wa 4
Jike wako mkubwa amepimwa? Wangu alikuwa anamvaa mdogo kila akiguswa kichwani, tukasema ana wivu. Kumbe sikio limeoza ndani. Lilipotibiwa, akatulia.

Mdau wa 5
Shingoni usishike tena! Mkiwa wawili, kila mtu ashike mbwa wake miguu ya nyuma, juu kabisa karibu na nyonga, mrudi nyuma kama mnaovuta toroli. Ukiwa peke yako, ndoo ya maji, au ubao mpana kati yao. Wangu naegemeza nyuma ya mlango, wageni wanadhani nimeshindwa kumalizia kabati. Ila aliyeng'ang'ania nyama usimvute, utachana.

Mdau wa 2
Na kuhasi usikutegemee peke yake. Wangu nilishawahasi wote wawili.

Mwanzisha mada
Mrejesho, wiki ya tatu. Daktari wa mifugo alipobonyeza nyonga ya mama, mama akageuka kuuangalia mkono wake. Yuko kwenye dawa. Chakula, vyumba tofauti. Nikirudi kazini, nakuta kila mmoja amefungiwa kwake, nawasalimia kwa zamu. Jioni tunawatembeza, mtu mmoja kamba moja, pande mbili za barabara, tukisogea kidogo kila siku. Jana walinusana sekunde chache, nikawaita kabla hawajatazamana sana.

Usiku mdogo analala pua imebana upenyo wa chini ya mlango, na mama yuko upande wa pili vilevile. Sijui ni mapenzi au doria. Sifungui.