Tupeane uzoefu: hedhi isiyokatika na kuunguzwa utando wa kizazi

Mama Salha wa Segerea

Ndugu zangu, nawasalimu. Nina miaka 43 na watoto watatu, na huu ni mwaka wa nne hedhi yangu inakaa siku tisa hadi kumi na moja. Siku tatu za mwanzo nabadilisha pedi kila saa, na usiku natandika mpira chini ya shuka kama mzazi aliyetoka kujifungua. Wiki iliyopita nilipimwa nikaambiwa kiwango cha damu yangu ni 7.2, yaani pungufu sana.

Vidonge vya asidi ya traneksamiki, vya kupunguza damu ya hedhi, vilinisaidia mizunguko miwili, kisha hali ikarudi palepale. Kitanzi chenye homoni nilichowekewa mwaka jana kilitoka chenyewe pamoja na mabonge ya damu. Altrasaundi haikuonyesha uvimbe, na kinyama kilichochukuliwa ndani ya kizazi kimerudi na majibu mazuri, hakina dalili ya saratani. Sasa daktari amenipa njia mbili nichague: kuunguza utando wa ndani wa kizazi, ambao ndio unaojijenga na kumomonyoka kila mwezi, au kukiondoa kizazi chote.

Kilichonifanya niandike ni kwamba jana nilisimama kwenye daladala kutoka Segerea hadi Mnazi Mmoja, kiti kitupu kikiwa mbele yangu na konda akinisihi nikae, kwa kuwa niliogopa nitakachokiacha pale nikiinuka. Naomba aliyewahi kuunguzwa utando anieleze ukweli wake, mzuri na mbaya.

Binti Kijitonyama

Pole sana dada yangu. Mimi khanga nyeusi haikutoka kwenye mkoba wangu kwa miaka sita, kwa hiyo hicho kiti nakifahamu.

Mwalimu wa Mbagala

Mama Salha, hicho kiti kimenirudisha darasani. Mwaka 2013 nilikuwa nafundisha darasa la sita, hesabu za sehemu, nimevaa sketi ya rangi ya maziwa kwa sababu kwa hesabu zangu zilikuwa zimebaki siku tano. Nilipoinuka nilihisi joto likishuka hadi kwenye vifundo vya miguu. Niliegemeza mgongo ubaoni na sikubanduka hapo. Nikawa nawaita wanafunzi mmoja mmoja waje waandike pembeni yangu, huku nikikisukuma kiti kwa mguu kiingie chini ya meza. Binti mmoja wa dawati la mbele aliinuka bila kuitwa, akavua sweta lake, akanifunga kiunoni na kukaza fundo kama mama anayemvalisha mwanawe, kisha akachukua kitambaa cha kufutia ubao, akakifuta kiti, akatoka nacho nje. Hakusema neno, na darasa zima halikusema neno. Mtoto wa miaka kumi na miwili.

Jioni ile nilianguka kituoni Rangi Tatu. Damu ilikuwa 4.8, nikaongezewa chupa nne, na mbili kati ya hizo zilirudishwa na walimu wenzangu waliokwenda kuchangia.

Mwaka 2014 kaka yangu alinipeleka Chennai, India, na huko ndiko nilikounguzwa utando. Nilipewa nusu kaputi. Kipira chembamba kilipitishwa kwenye mlango wa kizazi, kikajazwa maji, maji yakapashwa hadi nyuzi 87 kwa dakika nane, kisha yakanyonywa na kipira kikatolewa. Hakuna kisu wala mshono, na jioni nilirudi nyumba ya wageni kwa miguu yangu. Usiku huo, hata hivyo, tumbo lilinikaba kama uchungu wa mtoto wa kwanza, na kwa wiki tatu nilitokwa na majimaji yenye rangi ya damu iliyochujuka, mengi kuliko nilivyotarajia. Mwezi wa tatu nilipata hedhi ya matone siku mbili. Baada ya hapo haikuja tena, na sasa nimeshafikia umri wa kukoma hedhi. Nina damu 12.6 na navaa nguo nyeupe.

Mtoto wa Pwani

Mimi sipendi kusikia habari za kuchoma kizazi cha mtu. Bibi zetu walikuwa na uchango na walitibiwa kwa mizizi, wakazaa, wakazeeka. Kabla ya kwenda kwenye moto, mama atafute mtu anayejua dawa za uzazi.

Nesi Mstaafu

Mtoto wa Pwani, nakuheshimu, lakini neno hilo siwezi kulipita. Nimefanya kazi wodi ya wanawake miaka ishirini na tisa, na nimewapokea kina mama wenye midomo myeupe kama karatasi ambao walikunywa mizizi miezi minane huku saratani ikiendelea ndani. Uchango ni jina linalobeba mambo mengi: uvimbe, homoni zisizo sawa, utando uliojikita kwenye misuli ya kizazi, tezi la shingo, damu isiyoganda vizuri, na saratani pia. Dawa moja ya chungu kimoja haiwezi kuyajua yote hayo. Vitabu husema hedhi ni nzito ikizidi mililita 80 kwa mzunguko, lakini hakuna mwanamke anayepima. Ukibadilisha pedi kila saa moja au mbili, ukitoa mabonge, au ukipitisha siku saba, hiyo ni nzito na inahitaji kupimwa.

Mtoto wa Pwani

Sikusema watu wasiende hospitali, na nisisomwe hivyo. Mama yangu mzazi alitumia mizizi akapona, nami nimesema nilichokiona.

Nesi Mstaafu

Mama yako alikuwa na umri gani alipopona? Wengi hedhi huwakatikia wenyewe wakikaribia hamsini, na sifa ikaenda kwa mzizi.

Mtoto wa Pwani

Alikuwa na 49. Sawa, bibi, nimekusikia. Lakini hospitali nazo zisiwe na haraka ya kuchoma.

Mama Pacha

Nimesoma hapa kwa siku mbili bila kuandika, ila hilo neno haraka limenigusa. Mimi niliunguzwa utando nikiwa na miaka 36, hapa hapa Dar, hospitali sitaitaja. Nilikuwa tayari nimezaa pacha wangu, mabinti wawili, na nilisaini karatasi iliyoandikwa Kiingereza nikiwa nimeshavaa gauni la chumba cha upasuaji. Nilichoelewa ni kwamba hedhi itakoma. Nikaamini kwamba isipokuwepo hedhi hakuna mimba, na hakuna aliyenisahihisha.

Baada ya mwaka na miezi miwili tumbo likaanza kujaa. Nilidhani ni unene. Nilipopimwa, mimba ilikuwa ya wiki kumi na tisa, na daktari wa pili, ambaye namwombea heri hadi leo, alishika kile kipimo juu ya tumbo langu muda mrefu sana bila kusema kitu, kisha akazima kioo na kuvuta kiti akaketi karibu yangu. Alinieleza kwamba kondo la nyuma halikupata utando wa kushikilia, kwa hiyo limeota ndani ya nyama ya kizazi. Wiki ya ishirini na sita nilianza kutoka damu usiku. Mume wangu alinibeba hadi barabarani, tukapata bajaji, na kila bonde la barabara nililihisi. Walimtoa mtoto na kizazi kwa pamoja, kwa sababu kondo lisingebanduka. Niliongezewa chupa tisa. Mtoto, alikuwa wa kiume, aliishi saa tano.

Siandiki kumtisha Mama Salha. Naandika kwa sababu sentensi moja tu ingetosha, nami sikuambiwa: kuunguza utando hakuzuii mimba, na mimba inayoshika baada ya hapo ni ya hatari.

Binti Kijitonyama

Mama Pacha, nimelia. Pole.

Mwalimu wa Mbagala

Pole sana, mdogo wangu. Mimi kule Chennai walikataa kunigusa mpaka nieleze nitazuiaje mimba, na mume wangu alitia sahihi pia, nikaona wananisumbua.

Baba Ima

Jamani, huyo daktari wa kwanza alichukuliwa hatua gani? Watu wa namna hiyo wafikishwe mbele ya sheria.

Kaka wa Ukonga

Tunamsikitikia wote, lakini hapa ni pa Mama Salha, naye bado ana swali lake. Kesi ya Mama Pacha ni yake mwenyewe kuiamulia.

Nesi Mstaafu

Kaka amesema vyema. Mama Pacha, pokea pole yangu kama mzazi wako. Mama Salha, yakamate haya. Tiba hii ni ya mwanamke aliyemaliza kuzaa kabisa, na lazima awe na njia ya kuzuia mimba mpaka akome hedhi; wengine hufunga kizazi siku hiyo hiyo. Mwambie daktari umejifungua kwa operesheni mara ngapi, kwa maana ukuta wenye kovu unaweza kuwa mwembamba na moto haupaswi kupita. Tena usiache kupima saratani ya mlango wa kizazi, kwa sababu mlango wenyewe unabaki pale pale. Vidonge vya kuongeza damu umeze na chungwa, na chai ingoje mpaka zipite saa mbili baada ya kumeza, kwani chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Mama Chuma wa Temeke

Mimi nasema kitoe kizazi umalize. Niliunguzwa utando nikiwa na 38, nikafurahi miaka minne, halafu maumivu ya kila mwezi yakaanza, makali kuliko mwanzo, kwa sababu vipande vya utando vilivyobaki vilitoa damu iliyokosa njia. Ikagundulika kwamba utando ulikuwa umejikita kwenye misuli ya kizazi tangu zamani. Nikaishia kutolewa kizazi, gharama mara mbili, likizo mara mbili.

Mwalimu wa Mbagala

Lakini dada, kutolewa kizazi ni operesheni kubwa, wiki sita hunyanyui hata ndoo. Madaktari waliniambia kwamba walio wengi huridhika, na kwamba takriban mmoja kati ya watano hurudi kufanyiwa kitu kingine baada ya miaka kadhaa, hasa walio chini ya miaka 45. Nililijua hilo kabla ya kukubali.

Baba Ima

Naomba kuuliza kwa heshima, maana mke wangu ameshauriwa hivyo pia na anaona haya kuuliza. Je, unyumba hubadilika?

Nesi Mstaafu

Haubadiliki, mwanangu. Mayai hayaguswi, kwa hiyo homoni zinabaki zake. Mngoje mpaka majimaji yakauke, na umshukuru kwa kukuruhusu uulize.

Mama Salha wa Segerea

Nawashukuru wote, na Mama Pacha zaidi ya wote, kwa kuwa sikuwa nimefikiria kabisa habari ya mimba. Nilikuwa nawaza kwamba kwa umri wangu jambo hilo limepita. Nilijifungua mmoja kwa operesheni, sikulisema. Mume wangu amesoma maneno yenu yote jana usiku, akanyamaza, kisha akasema Jumanne tunakwenda pamoja na karatasi nitaisaini nyumbani, baada ya kusomewa kwa Kiswahili. Naelekea kwenye kuunguzwa utando pamoja na kufungwa kizazi, daktari akiridhika na kovu. Lakini ameshasema hanigusi damu ikiwa chini ya 10, na huenda nikaongezewa chupa mbili, hivyo tunatafuta wa kuchangia. Ndugu zangu wengi wako Tanga.

Kaka wa Ukonga

Mimi ni kundi O, na mara ya mwisho nilichangia miezi mitano iliyopita. Nitumie ujumbe uniambie ni hospitali gani, Jumatatu asubuhi nitakuwa nimefika.