MREJESHO: Mkopo wa genge langu, Mbuyuni Moshi

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi wa tatu niliwauliza kama nichukue kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ya 300,000 nikuze genge langu la mchele na maharage. Marejesho yalikuwa 13,000 kila siku kwa siku 30, yaani 390,000. Dada mmoja akaniuliza: siku ya mvua, soko limelala, hiyo 13,000 utaitoa wapi? Swali lile lilininyima usingizi. Nikaacha.

Nilikuwa na akiba ya 150,000 kwenye kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na sisi tunakopeshana mara tatu ya akiba. Nikapewa 450,000, riba asilimia 10, miezi mitatu. Riba yenyewe inarudi kwetu kwenye mgawo.

Kilichonikomboa hasa ni gunia. Zamani nilinunua maharage debe kwa debe, bei ya jumla nikiisikia kwa wenzangu tu. Sasa nachukua gunia zima la kilo 100, na mchele naufuata mwenyewe Mabogini, wanakolima mpunga. Faida ya kilo moja ya maharage imetoka 200 hadi 450! Mwezi wa pili wa marejesho kidogo nikwame, mtoto aliugua, wenzangu wakanisogezea wiki moja. Nimemaliza deni Jumamosi.

Sasa tuko watano tunaandaa maombi ya ule mkopo wa halmashauri usio na riba, lile fungu la wanawake, asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Afisa maendeleo wa kata ametuelekeza tuanze na katiba ya kikundi. Dada uliyeniuliza lile swali, Mungu akubariki sana.