Naomba ushauri: nataka kuunda ndege ya watu wawili hapa Mafinga. Nitumie paini ya Mufindi au ninunue vipande vya kiwandani?

Seremala wa Mafinga

Kamwene, ndugu wanajukwaa. Mimi ni fundi seremala mwenye karakana hapa Mafinga, na kazi ya mbao nimeifanya kwa miaka kumi na tisa. Tangu mwaka juzi nimekuwa nikiweka akiba ili niunde ndege ndogo ya watu wawili, na mwanangu wa kwanza, aliyesomea ufundi mitambo, ameahidi kushirikiana nami. Wengi mtamkumbuka yule fundi wa Tunduma aliyetangazwa kwenye habari kwa kuunda helikopta. Juhudi zake zilinigusa sana, nikajiuliza pia ni nani alikuwa karibu naye wa kumkagulia kazi hatua kwa hatua. Ndiyo maana naandika kabla sijakata ubao hata mmoja.

Ninayo michoro ya Pietenpol Air Camper, ndege ya mbao na kitambaa iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na Bernard Pietenpol wa Minnesota, Marekani, ambaye aliifungia injini ya gari la Ford Model A. Nimeipenda kwa sababu kila kiungo chake nakielewa: unapiga randa, unapaka gundi, unafunga kona kwa vipande vya plaiwudi. Shida ni kwamba michoro inataka mbao za spruce ya Sitka, mti wa Amerika Kaskazini wenye mbao nyepesi na imara, nami naishi jirani na msitu wa Sao Hill, ambako paini imejaa kila upande. Je, naweza kutumia paini na kuongeza kidogo unene wa boriti kuu za mabawa ili kufidia tofauti? Au niachane na mbao, ninunue vipande vya ndege ya alumini kutoka kiwandani na kuviunganisha mwenyewe, kama CH 750 ya Zenith ya Marekani au Sling ya Afrika Kusini? Kuhusu injini, mwanangu anapendekeza ya pikipiki. Karakana yangu iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari.

Mama Misitu

Kamwene, fundi. Nimefanya kazi kwenye mashamba ya miti ya Mufindi kwa zaidi ya miaka ishirini, na paini naiheshimu, lakini kwa boriti ya bawa naomba uiogope kwanza. Chukua ubao, kata ncha yake kwa msumeno mkali, ilainishe kwa msasa, kisha weka rula juu ya pete za ukuaji. Kwa spruce ya ndege, kiwango kinachokubalika ni pete zisizopungua sita katika kila inchi moja, yaani milimita 25. Paini yetu hukua haraka mno, hasa katika miaka yake ya mwanzo, hivyo mbao za katikati ya gogo huwa na pete pana, zenye uzito mdogo na nguvu ndogo, na mara nyingi nyuzi zake huzunguka shina badala ya kupanda wima.

Ukipata ubao wa nje wa mti mzee wenye pete za kubana, kazi haijaisha. Angalia nyuzi zinavyokwenda kwa urefu: hazitakiwi kupinda zaidi ya sehemu moja kwa kila sehemu kumi na tano. Angalia macho ya ubao na mifuko ya utomvu. Hakikisha pia ubao umekaushwa taratibu hadi unyevu wa karibu asilimia 12, kwa sababu mbao zinazouzwa pale barabarani huwa bado zinatoa maji. Dari ya nyumba itastahimili kasoro hizo, lakini boriti ya bawa itavunjika.

Jambo jingine ni baridi yetu. Gundi ya resorsinoli, ambayo imetumika kwenye ndege za mbao kwa miongo mingi, inahitaji joto la angalau nyuzi 21 ili ishike sawasawa. Mwezi Juni na Julai hapa Mafinga asubuhi hatuifikii hata nusu ya joto hilo. Utahitaji chumba chenye joto usiku kucha, si mchana tu.

Mkaguzi Mstaafu, Mbeya

Ndugu Seremala, pokea salamu kutoka Mbeya. Nilifanya kazi ya matengenezo ya ndege kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na nimefurahi kwamba umeuliza mapema.

Nianze na injini, kwa kuwa hilo ni jibu fupi. Injini ya bodaboda ya sentimita za ujazo 150 hutoa nguvu za farasi kumi na kitu tu, haikuundwa kukaa kwenye nguvu ya juu kwa dakika nyingi mfululizo, na pangaboi linataka mzunguko wa polepole wenye msukumo mkubwa. Ndege nyingi za daraja hili leo hutumia Rotax 912 ya Austria, yenye nguvu za farasi 80 au 100. Ina gia ya kupunguza mzunguko wa pangaboi, vichwa vya silinda hupozwa kwa maji na silinda zenyewe kwa hewa, na ile ya farasi 100 hukubali petroli isiyo na risasi ya oktani 95. Bei yake itakuumiza, sitakudanganya.

Sasa piga hesabu ya kwako. Kwenye mita 1,900, siku yenye joto la nyuzi 25, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uko karibu mita 2,700. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban robo ya nguvu zake, na pangaboi na mabawa navyo hupata hewa chache ya kushika. Umbali wa kuruka unaweza kuwa zaidi ya mara mbili ya ule ulioandikwa kwa usawa wa bahari. Hata Nduli, uwanja wa ndege wa Iringa, ambao uko mita 1,400 na kitu, utaiona tofauti hiyo. Kwa hiyo, kila kilo unayoiongeza kwa kunenepesha boriti unailipa mara mbili: mara ya kwanza kwa uzito, mara ya pili kwa urefu wa njia ya kurukia.

Kuhusu alumini, sikia hili kwa makini. Alumini ya madirisha inayouzwa mjini si alumini ya ndege. Zenith hutumia aina ya 6061-T6, na viwanda vingine hutumia 2024-T3, ambayo uwezo wake wa kuhimili mvutano kabla ya kurefuka na kubaki hivyo ni karibu mara mbili ya ule wa fremu za dirisha. Bolti ni vivyo hivyo. Bolti ya ndege hupinda kabla ya kukatika na hivyo hukupa onyo, ilhali bolti ngumu ya duka la vifaa huweza kukatika ghafla. Niliwahi kuona kwenye karakana moja, ambayo sitaitaja, bolti ya duka imewekwa kwenye bawaba ya usukani wa mkia kwa sababu ile halisi ilichelewa kufika. Tuliitoa kwa vidole, ikawa vipande viwili mkononi mwangu.

Vipande vya kiwandani vinakuja vikiwa vimekatwa na kutobolewa kwa vipimo sahihi, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Mwaka 2019 vijana wa shule wa Afrika Kusini waliunganisha Sling 4 kwa wiki chache, wakisaidiwa na mafundi wa kiwanda, na ikaruka kutoka Cape Town hadi Cairo. Wewe huna kiwanda pembeni, kwa hiyo hesabu miaka, wala si wiki.

Mwalimu wa Fizikia, Iringa

Naomba niongeze neno kuhusu kubadilisha michoro. Miaka ya 1930 Mfaransa Henri Mignet aliwapa watu wa kawaida ndege ndogo ya kujiundia, HM.14, na maelfu ya watu wakavutiwa nayo. Ikaua marubani kadhaa. Vipimo kwenye handaki la upepo vilionyesha kwamba, inapoinamisha pua kupita kiasi, mabawa yake mawili yaliathiriana hata rubani akashindwa kuinyanyua. Mwaka 1936 ikazuiwa Uingereza na Ufaransa. Kosa hilo hakuna fundi angeliona kwa macho akiwa karakanani. Unene wa boriti nao ni vivyo hivyo: ukiuongeza, mbavu za bawa hazitaingia, uzito utasogea, na sehemu ya mzigo itahamia kwenye kiungo ambacho mchoraji hakukikadiria.

Kijana wa Njombe

Ukichagua vipande vya kiwandani, tafadhali usilipe vyote kwa mkupuo. Van's Aircraft ya Oregon, kampuni inayouza vipande vya ndege, ambayo ndege zake zaidi ya 11,000 zimeruka, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Desemba 2023, na wateja waliokuwa wametoa amana wakatakiwa kukubali bei mpya au kubaki wakidai. Kampuni ilivuka na inaendelea hadi leo, lakini mtu wa Njombe au Mafinga hana uwezo wa kufuatilia kesi Marekani. Nunua mkia peke yake kwanza.

Seremala wa Mafinga

Nawashukuru wote, na kwa namna ya pekee Mama Misitu. Jana nimekata ncha za mbao sita nilizokuwa nimezitunza darini kwa miaka minne, zile nilizoziona kuwa bora. Nne zina pete tatu katika milimita 25. Mmoja una pete tano. Wa sita una pete saba, nikafurahi sana, kisha nikachora mstari kando ya nyuzi zake: zimetoka nje ya ubao kwa sentimita moja katika kila sentimita kumi. Nimeirudisha paini darini, nayo itakuwa meza ndefu ya kuundia.

Tumekubaliana na mwanangu kununua mkia wa CH 750. Je, nianze na oda au na Mamlaka ya Usafiri wa Anga?

Mkaguzi Mstaafu, Mbeya

Anza na Mamlaka, kwa barua, kabla hujatuma senti. Eleza ni ndege gani, ya kiwanda gani, nani ataunda, na uombe wakueleze masharti ya usajili wa 5H (alama ya ndege za Tanzania), ukaguzi wa kila hatua na ruhusa ya majaribio. Tunza daftari lenye picha na tarehe za kila siku ya kazi, kwa maana mkaguzi hawezi kuona ndani ya bawa lililokwisha kufungwa.

Na mkia ukifika, pigeni ribiti za upande mmoja tu, upande wa pili uacheni wazi. Nijulisheni siku hiyo. Nitapanda basi la alfajiri, nije na tochi na kioo changu.