Tupeane uzoefu: mashine za boti zilizokaa miaka bila kuwashwa

Wakuu, salaam. Kuna boti ya mkono wa pili nimeipenda. Ina mashine mbili za nje, zile za kuchanganya petroli na oili, zimekaa miaka 4 bila kuwashwa. Muuzaji anaapa "zimelala tu." Mliowahi kununua za namna hii mlikutana na nini?

— Mkuu, mimi nililizwa na mashine iliyowaka vizuri. Nilivuta kamba mara moja tu ikanguruma, nikatoa hela palepale. Kesho yake ikiwa baridi nilivuta mpaka bega likauma. Kumbe jamaa alishaipasha kabla sijafika. Siku hizi hata salamu hazijaisha, kiganja changu kiko juu ya injini.

— Legeza skrubu ya chini ya gia boksi taratibu, ukinge chombo. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yamo yatatangulia. Kwangu yalitoka karibu kijiko kizima, ndipo ikafuata oili ya rangi ya chai ya maziwa. Kuvua propela, nakuta mshipi wa kuvulia umejisokota kwenye shafti, umekula sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie. Kamshipi kembamba vile, na gia zote zimeota kutu!

— Hiyo kamba msiikimbilie. Mashine ya miaka 4 haivutwi kavu. Ng'oa plagi, tia oili kidogo kila silinda, iache ilale, kisha izungushe kwa mkono. Ndipo upime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda, kwa geji. Zangu zilikuwa mbili kama zako, silinda tatu tatu. Ya kushoto, kwa psi: 118, 115, 120. Ya kulia: 116, 117, na ya chini kabisa 85. Kwa macho ni mapacha. Geji hutofautiana, lakini pengo kama hilo kati ya silinda na silinda mara nyingi lina maana moja: unafungua injini.

— Impela ya pampu ya maji, kile kigurudumu cha mpira chenye mapezi kinachosukuma maji, badilisha, usibishane nayo. Ya kwangu mapezi yalikuwa yamelala upande mmoja, makavu, na mawili hayapo. Niliyakuta yamekwama kwenye njia ya maji ya kupozea.

— Na kabureta je, wakuu?

— Fungua zote. Petroli ya zamani huwa gundi, jeti, vile vitundu vya kupitisha mafuta, zinaziba.

— Asanteni. Nimempigia muuzaji: kesho asubuhi nakuja na geji na spana ya plagi, asiziguse mashine. Kanijibu kesho ana safari.