Nimesaga karoti laini kabisa lakini mtoto anatema yote, nakosea wapi?

mama_kifunguamimba
Habarini wadau. Mwanangu ana miezi 6 na wiki mbili, ndo wa kwanza kwa hiyo bado najifunza. Jumapili nikajifanya mpishi, nimechemsha karoti lundo zima nikasaga kwenye blenda na maji yake mpaka ikawa kama juisi, nikajaza vikopo nikaweka kwenye friji. Leo Jumatano bado ulimi unasukuma tu nje, bibu yote rangi ya chungwa na mimi mpaka kwenye nyusi. Nakosea wapi? Na hii ya kwenye friji bado inafaa? Mama mkwe anasema nitie chumvi kidogo ndo atapenda.

dada_mkubwa
Pole mwaya, hizo nyusi zimenichekesha 😂 Hiyo ya Jumapili mwaga. Kwenye friji ni siku moja, mbili mwisho. Ukitaka ikae zaidi ikishapoa tu mimina kwenye trei ya barafu, ikiganda hamishia kwenye mfuko andika tarehe, halafu unatoa vipande viwili vitatu unapasha mpaka vichemke unaacha vipoe. Ukishapasha usirudishe tena. Iliyobaki kwenye bakuli lake nayo mwaga, kijiko kimeshatoka mdomoni mate yamo humo. Chumvi hapana, figo bado changa, na asali hata ya kulambisha tu asionje mpaka afikishe mwaka. Mama mkwe msingizie daktari yaishe.

baba_wa_zamu
Shida ni maji. Kwangu mimi ndo mpishi, kipimo changu inamisha kijiko, chakula kikimwagika kama chai ujue unamjaza maji na katumbo kenyewe kadogo, kikishuka taratibu hapo sawa. Hayo maji ya kuchemshia weka pembeni unaongeza kijiko kimoja kimoja, au kamulia maziwa yako. Ila viazi usithubutu kutia kwenye blenda!! Mimi nilipata gundi, inavutika mpaka mtoto akanitazama kama nimemkosea. Viazi ponda na uma. Kusukuma na ulimi ni kawaida, bado anajifunza kumeza, kitu kimoja mjaribishe hata mara kumi. WHO wanasema aanze na vijiko viwili vitatu kwa mlo, mara mbili tatu kwa siku, basi usimlazimishe.

mama_pacha
Mmesahau madini ya chuma jamani. Akiba aliyozaliwa nayo ikifika miezi 6 haitoshi tena, na karoti hapo haikusaidii. Mimi nachemsha nyama mpaka ichambuke yenyewe, nasaga na supu yake isiyo na chumvi nachanganya na hiyo hiyo karoti. Siku nyingine maharage yaliyoiva sana na nyanya, ile vitamini C inasaidia mwili kuchukua chuma. Yai liive vizuri, wala usimcheleweshee, ila kitu kipya mpe kimoja kimoja ili akitoka vipele ujue ni nini. Na blenda usiizoee, akikaribia miezi 8 mpe vibongebonge.

mama_kifunguamimba
Asanteni sana, vikopo nimemwaga. Nimeponda karoti na nyama, kijiko cha kwanza kameza, cha pili kameza, cha tatu kanipulizia usoni. Trei iko kwenye friza, baba yake kashatia kipande kimoja kwenye soda yake akidhani ni barafu ya juisi 🤦🏾‍♀️