Mahakama ya mwanzo inavuja, hela ya ukarabati anatoa nani?

alizeti_moja: Wakuu habari za jioni, naomba kueleweshwa. Juzi nilimsindikiza mama mkubwa mahakama ya mwanzo huku wilayani kwetu, kesi ya mirathi, mvua ikaanza basi karani akawa anakimbiza majalada kutoka kabatini kuyapeleka mezani maana dari limeoza na bati zina matundu, hakimu akaahirisha. Mama mkubwa hii ni mara ya nne anatoa nauli kutoka kijijini. Mhudumu ananiambia barua ya ukarabati iliandikwa zamani sana. Sasa hiyo hela inatakiwa itoke halmashauri, wizarani au mahakama yenyewe? Na zile ada na faini tunazolipa hazibaki pale pale?

karani_wa_zamani: Pole mkuu, mfikishie pole mama mkubwa. Nimefanya kazi mahakamani miaka mingi. Halmashauri usiisumbue, haihusiki. Tangu ile sheria ya usimamizi wa mahakama ya 2011 kuna Mfuko wa Mahakama, kwenye vitabu vya bajeti ni Fungu 40, Bunge ndo linapitisha, na mwenye dhamana ya hela na majengo ni Mtendaji Mkuu wa Mahakama, majaji wenyewe wabaki na kesi. Ada na faini ukilipa kwa control number zinaingia serikalini moja kwa moja, hakimu wako pale hana hata mia ya kununua misumari. Ukarabati mdogo unategemea OC, yaani hela ya matumizi ya kawaida ya ofisi, na OC hiyo hiyo inunue karatasi, umeme, mafuta ya gari, sasa ikija pungufu bati ndo linaambiwa lingoje. Linangoja mpaka mbao zinaoza, na ukarabati wa laki kadhaa unageuka kujenga upya.

Mzigua wa Moro: Tuseme na mazuri, vituo jumuishi 6, yaani majengo yenye mahakama za ngazi mbalimbali mahali pamoja, vilizinduliwa 2021, huku Morogoro kimoja, na mwaka 2016 ulichukuliwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 65 kuboresha mahakama. Ila mkopo unajenga tu, haurudi baada ya miaka kumi kuzibua choo na kubadili taa, hiyo ni hela yetu wenyewe na lazima itengwe kila mwaka.

mwana_eastlands: Niko Nairobi. Msidhani mkishapata mfuko mmemaliza. Sisi Hazina ya Mahakama iko kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 173, sheria yake ikapita 2016, na bado Novemba 2019 Jaji Mkuu Maraga akatoka hadharani kulalamika bajeti imekatwa. Juni 2024 hapo Makadara hakimu alipigwa risasi akisikiza kesi ndani ya hema. Hema! Iliniuma sana.

alizeti_moja: Aisee, hilo la hema limenigusa. Kwa hiyo niandike kwa nani?

karani_wa_zamani: Kwa mtendaji wa mahakama wa mkoa wenu, nakala kwa mbunge, maana bajeti inasomwa na Waziri wa Katiba na Sheria na mbunge ana haki ya kuhoji. Taja jina la mahakama na shauri lililoahirishwa. Picha omba ruhusa ya hakimu kwanza, usipige kimya kimya.

alizeti_moja: Sawa mkuu. Tarehe ya mama mkubwa ni wiki ijayo, nitaenda na barua mkononi.