Nifanyeje ili wenzangu kazini waone wepesi kuniendea?

Mgeni wa Ghalani, Mtwara mjini

Habari zenu, ndugu zangu. Nimehamishiwa huku msimu huu kusimamia ghala la korosho, na kazi yenyewe naimudu. Linalonisumbua ni kwamba makarani na wapima mizani hunyamaza ninapoingia, na likitokea tatizo hulisikia kwa watu wa nje kwanza. Juzi dereva wa lori ndiye aliyenieleza kuwa yapo magunia yaliyopokelewa yakiwa mabichi, ilhali karani aliyeyapokea tulishinda naye ofisini asubuhi nzima bila kuligusia. Sijawahi kumfokea mtu. Nianzie wapi, bila kulegeza utaratibu?

Mzee wa Masasi

Pole na hongera kwa kuuliza, mwanangu. Anza na salamu. Bila shaka wapo hapo watu wazima walioanza kupokea korosho tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa mkulima kuweka korosho ghalani na kupewa stakabadhi hadi ziuzwe, ulipoingia Mtwara mwaka 2007, na baadhi yao wana umri wa baba yako. Hao uwaamkie shikamoo wewe kwanza, mbele ya watu, kwa kuwa cheo chako hakikuondolei wajibu huo. Kisha usipite, simama, uulize hali ya nyumbani na ya shamba, maana wengi wao nao wana mikorosho yao, na msimu huu wanawaza mavuno yao wenyewe huku wakipima ya wengine. Chakula cha mchana nacho usikile peke yako ofisini.

Dada wa Newala

Shikamoo, mzee. Nakubaliana nawe, ila naona salamu zitamfikisha mlangoni tu. Nimekuwa karani kwa muda mrefu, na ninavyojua mimi, mtu huficha habari mbaya kwa sababu ya swali la kwanza analoulizwa akiileta. Kaka, karani akikuambia kwamba kipima unyevu kimevuka asilimia 10, halafu ukamuuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Nani aliyapokea?", tayari umemshtaki, na wenzake wote wamesikia. Uliza kwanza magunia yamepangwa upande gani, kama yako juu ya chaga au yamegusa ukuta, na kama bado yanaweza kutengwa yakaanikwa kabla hayajachanganywa na mzigo mwingine. Mshukuru kwa kuwahi kusema. Suala la nani alikosea lina nafasi yake, lakini lisubiri mzigo uokolewe, tena lizungumzwe faragha. Huko si kulegeza utaratibu, kwa sababu korosho zilizofichwa hadi zikaota ukungu ndizo zitakazokutia hasara.

Mtumishi wa Lindi

Naongeza moja tu: utani. Huku kusini utasikia watu wakitaniana maneno mazito na hakuna anayekasirika. Usiuingie mpaka wao wenyewe wakuchokoze, na wakikuchokoza, cheka.

Mgeni wa Ghalani

Nawashukuru sana, na shikamoo, mzee. Dada, swali hilo ulilolitaja ndilo nililomuuliza karani yule baada ya dereva kuniambia, tena mbele ya wapima mizani. Kesho kabla hatujafungua mzani nitamwita pembeni nizungumze naye, kisha tukayatazame magunia hayo pamoja.